Kumchunga Nyumbani Mtu Asiyeweza Kutembea

Ndugu msomaji, pengine kitabu hiki kimekufikia ukikaa kwenye baraza ya hospitali, na mtoto wako yuko mikononi mwako. Ana miaka minne, lakini shingo yake haishiki kichwa. Au baba yako analala nyumbani, na mkono na mguu wa upande mmoja vimekufa. Mganga amekuambia neno gumu: "Hatuna dawa ya kurudisha nguvu zake zote. Mpelekeni nyumbani, mumtunze." Ukatoka nje ukajiuliza: Kumtunza namna gani? Na mpaka lini?

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya maulizo hayo mawili.

I. UVUMILIVU NI NINI?

Wengi wanafikiri kwamba uvumilivu ni kukaa kimya na kungoja. Sivyo. Mtu aliyepanda mihogo anangoja, lakini hangoji akilala. Anapalilia, anafukuza nguruwe wa pori, anaangalia majani kama yana ugonjwa. Uvumilivu wa jamaa yenye mgonjwa ni vivyo hivyo. Ni kazi ndogo inayorudiwa leo, kesho, na kesho kutwa, hata wakati hakuna anayeiona.

Ninyi wenyewe mnajua jinsi mambo yanavyokwenda. Juma la kwanza nyumba inajaa watu. Huyu analeta kuku, yule sabuni, mwingine anaomba pamoja nanyi. Mwezi wa pili wanakuja wachache. Mwaka wa pili mama amebaki peke yake na ndoo ya maji na nguo za kufua. Hapo ndipo uvumilivu unapoanza, na hapo ndipo wagonjwa wengi wanapokufa. Si kwa ugonjwa wao wa kwanza, bali kwa vidonda, kwa njaa na kwa kusahauliwa. Vifo hivyo vingi vinaweza kuzuiwa nyumbani, bila feza nyingi.

II. UGONJWA UMETOKA WAPI?

Mtu asiyejua sababu ya ugonjwa anatembea kutoka kwa mfumu mmoja hata kwa mwingine. Anauza mbuzi, kisha anauza shamba, na mtoto haponi. Basi tujue sababu zinazoonekana mara nyingi katika inchi yetu.

Mtoto aliyechelewa kulia siku ya kuzaliwa: ubongo wake ulikosa hewa, ukaumia. Malaria kali iliyopanda kichwani, ugonjwa wa utando wa ubongo, na manjano mengi ya siku za kwanza vinaweza kuumiza ubongo vilevile. Sehemu iliyoumia haiponi, lakini kuumia huko hakuzidi mwaka kwa mwaka, na mtoto anaweza kujifunza mambo mengi.

Polio: ni kijidudu kinachotoka katika mavi ya mtu na kuingia kinywani mwa mwingine kwa maji au mikono michafu. Kinaua mishipa inayoamuru miguu. Mtoto analala na homa, kisha anaamka na mguu mlegevu. Polio haina dawa, lakini ina chanjo tangu mwaka 1955. Polio ya asili ilionekana mara ya mwisho katika Kongo mwaka 2011, na mwaka 2020 Afrika yote ilitangazwa kuwa huru nayo. Lakini iko namna nyingine, inayozaliwa na kijidudu cha chanjo ya matone kikitembea muda mrefu mahali penye watoto wengi wasiochanjwa. Hiyo imeendelea kulemaza watoto wa Kongo. Dawa ya hatari hiyo ni kuchanja watoto wote, wala si kukimbia chanjo.

Damu yenye nguvu nyingi, ambayo watu wanaiita tansio: inaweza kupasua au kuziba mshipa katika kichwa cha mtu mzima. Upande mmoja wa mwili unakufa, na pengine maneno yanapotea.

Mgongo uliovunjika: kwa kuanguka kutoka juu ya mngazi, kwa ajali ya pikipiki, au kwa risasi ya vita.

Sindano ya matakoni iliyopigwa vibaya na mtu asiyejifunza: inaweza kuharibu mshipa mkubwa wa mguu. Usimruhusu muuza dawa wa sokoni kumpiga mtoto wako sindano.

Sasa sikia neno la maana sana. Si kila kilema ni cha siku zote. Mtoto ambaye mgongo wake unatoka nje kama nundu, na miguu inazidi kuwa zaifu, anaweza kuwa na kifua kikuu cha mgongo. Kina dawa! Mtoto mchanga mwenye nyayo zilizopinda kuelekea ndani anaweza kunyoshwa kwa plasta zinazobadilishwa kila juma, kama akiletwa mapema. Kwa hiyo usiseme "ni kilema tu" kabla mganga hajamtazama.

III. HAKUNA LAANA HAPA

Katika vijiji vingi mtoto wa namna hii akizaliwa, watu wanatafuta mwenye kosa. Wanasema mama alilala na mwanamume mwingine, au bibi ni mlozi, au mtoto mwenyewe ni mchawi. Mama wamefukuzwa na waume zao kwa neno hili. Watoto wamepigwa na kunyimwa chakula.

Watu walimwuliza Bwana Yesu ulizo hilohilo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu: ni nani aliyefanya zambi, yeye au wazazi wake? Yesu hakuwapa jina la mwenye kosa. Alikataa ulizo lao, akamshughulikia mtu. Fanyeni hivyo. Ubongo uliokosa hewa haujui habari ya laana. Baba, usimwache mke wako siku hii. Mtoto huyu ni wenu ninyi wawili, na bila wewe mama atavunjika.

IV. KAZI SITA ZA KILA SIKU

1. Kulinda ngozi.

Mtu mzima akilala mahali pamoja, mfupa unabana ngozi, damu haipiti, na nyama inakufa kama majani chini ya jiwe. Wewe mwenye afya unajigeuza usiku bila kujua. Yeye hawezi. Basi wewe uwe nguvu yake ya kujigeuza. Mgeuze kila saa mbili: ubavu wa kuume, mgongo, ubavu wa kushoto, na tumbo kama anaweza kupumua vema. Akikaa juu ya kiti, umwinue kidogo mara nyingi, ama umfundishe kujiinua kwa mikono.

Kila asubuhi na kila jioni tazama mahali hapa: mfupa wa chini ya mgongo, nyonga, visigino, vifundo, viwiko, mabega, na nyuma ya kichwa. Kwenye ngozi nyeusi hatari haionekani nyekundu sikuzote. Inaweza kuwa doa jeusi zaidi, au mahali pa moto, au pagumu. Ukiona hivyo, asilalie mahali pale hata kidogo mpaka pawe sawasawa tena, wala usipasugue. Weka mto mdogo chini ya miguu, juu ya visigino kidogo, ili visigino visiguse kitanda. Mto unaweza kuujaza pamba ya mti au majani makavu ya ndizi. Mkeka mtupu juu ya udongo haufai.

Mtu asiye na hisia miguuni hajui moto. Usimweke karibu na mafiga, wala usimwoshe kabla ya kupima maji kwa kiwiko chako.

2. Kunyosha viungo.

Kamba ya ngozi isiyotumika inakauka na kujikunja. Mishipa ya nyama ni vivyo hivyo. Mtoto wa polio akikaa akikunja magoti siku zote, baada ya miezi magoti hayanyoki tena, hata kama ungepata chuma cha kumsimamisha.

Mara mbili kila siku shika kila kiungo: bega, kiwiko, vidole, nyonga, goti, kifundo. Kinyoshe polepole mpaka mwisho wake, ungoje kidogo, ukikunje. Fanya mara kumi. Usivute kwa nguvu, usifanye haraka; kiungo kikikaza, ungoje mpaka kilegee. Mlaze kwa tumbo muda kidogo kila siku ili nyonga zinyoke. Usiache mto chini ya magoti usiku kucha.

Kazi hii inachukua nusu saa. Ndugu zake watoto wanaweza kuifanya kwa kuimba na kuhesabu.

3. Kulisha.

Mtoto mwenye ubongo ulioumia anameza kwa shida. Kumlisha akilala chali, au kumziba pua na kumimina uji kwa mkono, ni kumimina uji ndani ya mapafu. Wengi wamekufa hivyo, na watu wakasema ni kifua tu.

Mkalishe wima. Kichwa kiinamishwe mbele kidogo, kisianguke nyuma. Tumia kijiko kidogo. Uji uwe mzito kidogo, kwa maana maji matupu yanapita upesi na kumkaba. Ungoje ameze ndipo umpe tena. Akikohoa, simama. Baada ya kula, akae wima nusu saa. Chakula kimoja kinaweza kuchukua saa nzima; ndiyo sababu mtu mmoja hawezi kuwa na kazi hii asubuhi, mchana na jioni.

Muhogo peke yake haujengi mwili. Changanya na maharagwe yaliyopondwa, karanga, soya, samaki mdogo wa kusaga, sombe au lengalenga, na kijiko cha mafuta ya mawese.

4. Mkojo na choo.

Jamaa nyingine zinamnyima mgonjwa maji ili asikojoe kitandani. Hilo ni kosa kubwa. Mkojo mchache unaleta ugonjwa wa figo, na tumbo linafunga. Mpe vikombe sita mpaka vinane kila siku, na matunda na mboga. Mweke juu ya chungu saa ileile kila siku, baada ya kula, na mwili utazoea. Nguo ikilowa, ibadilishe upesi, umwoshe kwa maji na sabuni, umkaushe vema. Kama ana mpira wa mkojo, nawa mikono kabla ya kuushika, na mfuko ukae chini kuliko tumbo lake.

5. Kifafa.

Watoto wengi walioumia ubongo wanaanguka kifafa. Povu la kinywa haliambukizi. Usimwogope! Ondoa moto na mawe karibu naye, mgeuze kwa ubavu, usimkamate kwa nguvu, usiweke kijiko wala kidole kinywani. Ngoja. Ikipita dakika tano, mpeleke hospitali. Dawa ya kifafa inamezwa kila siku, hata siku za afya. Ukiiacha kwa gafula, kifafa kinaweza kurudi na kuua.

6. Akili na kazi.

Mwite kwa jina lake. Usimwite "kiwete" wala "yule". Mtoto asiyeweza kusema anaweza kusikia kila neno. Pengine amesikia mashangazi wakisema mbele yake kwamba ingekuwa heri afe. Muulize jambo ambalo anaweza kulijibu kwa macho: akubali kwa kutazama juu, akatae kwa kufumba. Mara nyingi wazazi wanashangaa kuona ya kuwa ana maoni yake.

Mtoe nje. Seremala wa kijiji anaweza kumtengenezea kiti chenye ubao wa kushika kiuno na kifua. Miti miwili ya mianzi iliyowekwa sambamba uani itamfundisha kusimama. Magurudumu ya kinga ya zamani yanaweza kuwa gari lake. Kama miguu imekufa lakini mikono na akili ni vizima, mpeleke masomoni kama ndugu zake. Sheria ya Kongo ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye kilema, na masomo ni katika haki hizo. Ushonaji, kusuka vikapu, kutengeneza redio na simu, kuandika hesabu za duka: hizi zote ni kazi za kukaa. Na kila mtu apewe kazi nyumbani, hata ikiwa ni kumenya maharagwe tu. Mtu asiyeombwa neno lolote anakauka moyoni.

V. ANAYECHUNGA NAYE ANACHOKA

Sasa nataka kusema na wewe, mama, au wewe, binti mkubwa uliyeachishwa masomo ili umchunge ndugu yako.

Umechoka. Usiku unaamka mara tatu au nne. Mgongo unauma. Siku moja ulimpiga kwa sababu alitapika uji wote, kisha ukalia. Siku nyingine ulitamani afe, ukaona haya mbele ya Mungu. Usifiche neno hili. Wengi wanaochunga wagonjwa kwa miaka wamepitia hapo. Si alama kwamba humpendi. Ni alama kwamba mzigo umezidi mtu mmoja. Kuomba msaada si kukosa uvumilivu. Jembe lisiponolewa halimalizi shamba.

Mambo haya yatakusaidia:

Usimwinue peke yako. Akiwa mzito, wawe wawili. Kunja magoti, mshike karibu na kifua chako, simama kwa nguvu ya miguu, wala si ya mgongo.

Gawanyeni usiku. Mmoja ageuze mgonjwa mpaka saa sita, mwingine baada yake. Baba anaweza kumgeuza mtoto. Mikono yake si mifupi.

Pata siku moja kila juma ya kwenda shambani, sokoni au kanisani bila mgonjwa. Ukirudi utakuwa mama mwema zaidi.

Usiwasahau watoto wengine. Nao wana homa zao na furaha zao. Wala usimfanye binti mmoja kuwa sadaka ya nyumba nzima. Kazi yake ikigawanywa kwa watu watano, anaweza kurudi masomoni.

VI. WATU WANNE

Mnakumbuka habari ya mtu aliyepooza ambaye alishushwa kwa dari mbele ya Yesu. Wahubiri wanapenda kusema juu ya dari lililobomolewa. Leo tuhesabu wachukuzi. Walikuwa wanne. Mtu mmoja angelivuta mkeka ule njiani, angelimwumiza mgonjwa, naye mwenyewe angelianguka kabla ya kufika. Watu wanne, kila mmoja pembe moja, walipita.

Basi, wazee wa kanisa, msiishie kuomba tu mlangoni. Chagueni watu wanne kwa kila nyumba yenye mgonjwa wa namna hii. Wa kwanza alete maji na kuni siku mbili kwa juma. Wa pili ashike zamu ya kulisha, ili mama apumzike. Wa tatu amchukue mgonjwa kanisani siku ya Bwana, kwa kipoyi au kwa gari la mkono. Na mlango wa kanisa uwe na njia ya mteremko pamoja na ngazi. Wa nne aangalie siku ya kurudi hospitali na dawa zinazokwisha. Baada ya miezi mitatu, wengine wanne wapokee. Kanisa dogo la watu hamsini linaweza kufanya hivi mwaka mzima bila mtu kuelemewa.

Nanyi jamaa ya mgonjwa, wakija msione haya ya nyumba isiyofagiliwa. Waonyesheni kazi. Watu wengi hawaji kwa sababu hawajui la kufanya.

VII. RUDINI HOSPITALI UPESI KAMA:

Kidonda kinaonekana, kina harufu, au kinaingia ndani. Ana homa. Mkojo una harufu mbaya, una damu, au hautoki. Anakohoa kila akila, au anapungua mwili. Kifafa kimezidi. Miguu inazidi kuwa zaifu kuliko mwezi uliopita. Na vilevile, kama wewe unayechunga hulali tena, huli, au unaogopa kwamba utamwumiza. Hiyo pia ni sababu ya kuja.

Uliuliza: mpaka lini? Pengine ni mpaka mwisho wa maisha yake, au ya kwako. Hatutaki kukudanganya. Lakini huwezi kubeba miaka makumi mbili leo. Leo ni kumgeuza, kumnyosha, kumlisha polepole na kumwita kwa jina lake. Fanya ya leo, na pembe tatu za mkeka uwape wengine.

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA

1. Kwa nini mgonjwa ageuzwe kila saa mbili? Taja mahali patano pa kutazama.
2. Kuna hatari gani katika kumlisha mtoto akilala chali?
3. Ni vilema gani viwili vinavyoweza kutibiwa vikiletwa mapema?
4. Katika kijiji chenu, ni nyumba gani ambayo mama amebaki peke yake? Ni nani wanne watakaokwenda juma hili?